Kipandauso na Vichokozi Vyake

Kichwa cha Mswahili hakiumi tu. Kinagonga, kinabana, kinapwita, kinaatua. Mtu wa pwani atakwambia "kichwa chaniwanga", na kila mwenye sikio la lugha hiyo ataelewa kwamba hayo si maumivu ya kumezea kidonge na kuendelea na kazi. Kubana ni kama umefungwa kitambaa kikakazwa kote kuzunguka paji. Kupwita hufuata mapigo ya moyo, dundo kwa dundo. Kuatua ni kupasua. Daktari wa mishipa ya fahamu anapomhoji mgonjwa, swali lake mojawapo la mwanzo ni hilo hilo: je, maumivu yanabana au yanapwita? Yakibana pande zote kwa kiasi, huelekea kuwa ni kichwa cha kawaida cha uchovu na mkazo wa misuli. Yakipwita, hasa upande mmoja, yakazidi ukipanda ngazi au ukiinama kufunga kamba za viatu, mawazo yake huenda kwingine. Lugha imeshamjibia nusu ya maswali. Cha ajabu ni kwamba tukiingia chumba cha daktari tunayaacha maneno hayo yote mlangoni, tunasema "naumwa kichwa", naye anaandika kipimo cha malaria.

Huko kwingine anakowaza daktari kuna jina: kipandauso. Kamusi zinalo, ama kwa neno moja ama kwa mawili, ingawa mijini wengi siku hizi husema migreni. Sina ugomvi na migreni, lakini lina historia ndefu ya kukatwakatwa. Wagiriki walisema hemikrania, nusu ya fuvu. Galen, tabibu wa karne ya 2, alilitumia. Likapita Kilatini, likafika Ufaransa likiwa limepoteza kichwa na mkia, na ndivyo lilivyotufikia. Waarabu nao wanauita ugonjwa huu shaqiqa, neno la mzizi wa kupasua na kugawa, ndugu wa lile wanalolijua wasomaji wa mirathi katika "ndugu shakiki". Tabibu Ibn Sina aliuandika chini ya jina hilo. Al-Zahrawi wa Andalusia, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, alipendekeza kuchoma kichwa kwa chuma cha moto, au kuchanja kwenye panja na kutia punje ya kitunguu saumu ndani ya jeraha. (Msomaji asijaribu.)

Mgiriki na Mwarabu, basi, walitaja mahali: nusu, upande. Mswahili hakujali upande. Alitaja mwendo. Kitu kinapanda, kinafika usoni. Kitenzi ni kile kile cha hasira kupanda, homa kupanda, presha kupanda, na cha pepo kumpanda mtu kichwani, na nadhani ujirani huo umewapeleka wagonjwa wengi kwa mganga kabla ya kufika hospitali. Hata hivyo, kwa maoni yangu jina letu ndilo lililolenga vizuri zaidi. Wagonjwa wengi huumwa pande zote mbili, kwa hiyo "nusu ya fuvu" huwadanganya wao na wanaowatibu. Kupanda ni kwa wote. Maumivu mara nyingi huanza shingoni, yakakwea kisogo, yakafika nyuma ya jicho. Na kipandauso chote ni safari yenye vituo: dalili za awali zinazoweza kutangulia kwa saa kadhaa hadi siku 2, kisha, kwa baadhi, mambo ya macho ya dakika 5 hadi 60, kisha maumivu yenyewe, ambayo yasipotibiwa hudumu saa 4 hadi 72, pamoja na kichefuchefu na kuchukia mwanga na kelele, na mwishoni ule ulegevu wa siku nzima ambapo mtu hana maumivu lakini hajawa yeye. Duniani karibu mtu 1 kati ya 7 anao ugonjwa huu, na wanawake ni mara 2 hadi 3 ya wanaume.

Sasa kuna neno ambalo hatujaliweka sawa, nalo ndilo linalowasumbua wagonjwa kuliko jina la ugonjwa. Mtu hana kipandauso leo, kesho anacho. Kuna kitu kimetokea katikati. Kitu hicho tukiite nini?

Vipeperushi vingi vya afya husema visababishi. Neno ni safi, lakini linasema uongo. Kisababishi cha malaria ni kimelea. Kiondoe, ugonjwa umekwisha. Jua kali, usiku wa kukesha na harufu ya petroli havisababishi kipandauso kwa maana hiyo, maana abiria wote wa basi moja hukaa na harufu ile ile na anayeteseka ni mmoja. Chanzo kimo ndani yake: ubongo wenye wepesi wa kusisimka, ambao kwa sehemu kubwa huandama ukoo. Mwulize mgonjwa habari za mama yake au shangazi yake.

Wengine husema vichocheo, na hapo nilipotea njia mwenyewe kwa muda, kwa sababu neno linapendeza. Kuchochea moto ni kusukuma kuni za moto ambao tayari upo. Tatizo ni kwamba kiti hicho kina mwenyewe. Walimu wa kemia walishalitwaa neno hilo, na magazeti yetu huita homoni vichocheo: vichocheo vya kike, vichocheo vya kukua. Basi chukua ukweli mmoja mkubwa kuhusu ugonjwa huu, kwamba kushuka kwa homoni ya estrojeni siku chache kabla ya hedhi huamsha kipandauso, ukauandike: "kushuka kwa vichocheo ni kichocheo". Hakuna mhariri atakayeipitisha sentensi hiyo.

Ninapendekeza kichokozi. Najua kwamba "kichokozi" huweza pia kumaanisha namna ya kufanya jambo, kama katika "alinitazama kichokozi", lakini sentensi hutofautisha. Uzuri wake ni kwamba uchokozi unahitaji wawili. Hakuna achokozaye jiwe. Nyuki huchokozwa, kwa kuwa wanao mwiba tayari na wanao uwezo wa kukasirika. Anayeupiga mzinga teke hakuwapa mwiba huo. Tena nyuki wale wale asubuhi ya baridi huvumilia kishindo ambacho mchana wa joto wasingekivumilia. Neno moja linabeba mambo matatu ambayo daktari hutumia robo saa kuyaeleza: kwamba udhaifu upo kabla, kwamba kinachouamsha kiko nje au ndani ya mwili, na kwamba kitu kile kile leo huamsha na kesho hakiamshi.

Ukiuliza watu vichokozi vyao, wengi wataanza na chakula. Na hapo huja neno la zamani, mwiko. Chokoleti ni mwiko, jibini ni mwiko, machungwa, karanga, vidonge vya kutia ladha kwenye mchuzi. Orodha hupita kutoka kwa mgonjwa hadi mgonjwa kama miiko ya wajawazito. Lakini mwiko una tabia mbili zisizofaa hapa: ni wa wote, na ni wa daima. Kichokozi ni cha mtu mmoja na kina siku zake.

Mwaka 2007 daktari Leslie Kelman alichapisha katika jarida la Cephalalgia majibu ya wagonjwa 1,207. Robo tatu walisema wana vichokozi. Waliotaja msongo wa mawazo walikuwa asilimia 80 hivi. Wanawake waliotaja homoni, 65. Hali ya hewa, 53. Usingizi uliovurugika, 50. Manukato na harufu nyingine, 44. Mwanga, 38, na pombe karibu sawa na huo. Chakula kilitajwa na asilimia 27. Lakini kutokula kulitajwa na 57. Yaani kwa kila mgonjwa mmoja aliyesema "nilichokula kimeniponza", wawili walisema "nisichokula". Tanzania tuna msemo wa hilo, tuliouazima uwanja wa mpira: kupiga pasi ndefu, kutoka chai ya asubuhi moja kwa moja hadi chakula cha usiku. Ningeuingiza msemo huo katika kila kipeperushi cha kipandauso, mahali pa ile orodha ya jibini, ambayo wengi wetu hata hatuli. Mgonjwa anayejinyima karanga, maembe na chokoleti, kisha akapiga pasi ndefu siku nne kwa wiki kwa sababu ya kazi, anakimbia kivuli.

Tukumbuke pia kwamba majibu ya wagonjwa ni kumbukumbu, na kumbukumbu hupenda mshtakiwa. Huko Denmark watafiti waliwachukua watu 27 wenye kipandauso cha kuona mianga, waliodai kwamba mwanga mkali au mazoezi mazito huwaamshia ugonjwa, wakawapa hicho hicho walichokitaja. Watatu walipata kipandauso cha mianga, wengine watatu wakapata kisicho na mianga, na waliobaki hawakupata chochote. Matokeo yalichapishwa 2013. Chokoleti nayo ilishapelekwa mahakamani: mwaka 1997 yalitolewa matokeo ya jaribio la Marekani ambapo wanawake 63 walipewa chokoleti au kitu cha kufanana nayo, bila kujua kipi ni kipi. Chokoleti haikuonekana kuwa mkosaji kuliko mwenzake.

Kwa nini basi watu wengi waaminifu huapa kwamba walikula kitu kitamu na saa chache baadaye kichwa kikapasuka? Hapa inahitajika istilahi ya pili, na sijaiona ikitenganishwa vizuri na ya kwanza: kitangulizi. Kabla maumivu hayajafika, ubongo huwa umeshaanza safari. Mtu hupiga miayo isiyo ya usingizi. Shingo hukaza. Huenda haja ndogo mara kwa mara, hukasirika bila sababu, na hupata uchu wa kitu fulani, mara nyingi kitamu. Anakula alichokitamani, maumivu yanafika, na chokoleti inahukumiwa kwa kuwepo eneo la tukio. Kumbe uchu ulikuwa ni kipandauso chenyewe kinabisha hodi. Hali ni hiyo hiyo kwa harufu: huenda udi wa jirani haukukuchokoza, bali pua yako ilikuwa imeshaanza kuchukia kila harufu kwa kuwa kipindi kimekaribia. Kichokozi huepukwa. Kitangulizi husomwa, na faida yake ni kwamba hukupa muda: kunywa maji, kula kitu, kukaa penye kivuli, kuwa karibu na dawa, maana dawa ya kipandauso ikinywewa mapema hufanya kazi kuliko ikinywewa wakati mtu ameshalala chini.

Mianga niliyoitaja nayo ina maneno yake. Wataalamu hutumia neno la Kilatini, aura. Watu husema wanaona vimulimuli, nyotanyota, au maluweluwe. Maluweluwe silipendi hapa kwa kuwa limeshikamana na kuweweseka kwa homa, na mgonjwa huyu ana akili timamu. Ningechagua kiwi, lile neno la jicho lililopigwa na mwanga wa gari usiku, ila hapa ni kiwi kisicho na taa. Mara nyingi huanza kama doa dogo karibu na katikati ya uoni, likapanuka taratibu kama upinde wenye kingo za msumeno. Karl Lashley, mwanasaikolojia wa Marekani, alichora kiwi chake mwenyewe na mwaka 1941 akakadiria kwamba kinachokisababisha husafiri juu ya ubongo kwa milimita 3 hivi kwa dakika. Miaka mitatu baadaye Mbrazili Aristides Leão akaeleza wimbi la aina hiyo katika ubongo wa sungura, lenye mwendo wa konokono kama huo. Neno la kupanda lilikuwa limeshasema kitu kama hicho bila darubini.

Kiwi kina jambo moja ambalo si la kupenda maneno tu. Mwanamke mwenye kipandauso cha namna hiyo amwambie muuguzi au daktari kabla ya kupewa vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa sababu viwili hivyo pamoja huongeza hatari ya kiharusi, na zipo njia nyingine. Na kuna vichwa visivyofaa kuitwa kipandauso hata kama mgonjwa amekizoea: maumivu makali yanayolipuka ghafla kwa sekunde au dakika moja, yanayokuja na homa na shingo kukakamaa, yanayofuata pigo la kichwani, yanayoleta udhaifu wa upande mmoja, au yanayoanza kwa mara ya kwanza mtu akiwa ameshapita miaka 50, au akiwa mjamzito. Hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Nirudi kwenye uchokozi. Kuna neno la tatu, na hili limepotoka katika vinywa vya wanasiasa: kizingiti. Siku hizi vizingiti ni vikwazo tu. Zamani kilikuwa ni mti wa mlangoni unaoukiuka ndipo uwe umeingia ndani. Wataalamu wa kipandauso wanalihitaji kwa maana hiyo ya kale. Kila ubongo una kizingiti chake, na kichokozi kimoja mara nyingi hakitoshi kukivuka. Vinajikusanya, haba na haba. Ndiyo maana mtu hunywa soda ya baridi juani mara kumi bila shida, na mara ya kumi na moja, akiwa hajalala na hedhi iko karibu, analaumu soda.

Jumamosi ni mfano mzuri. Wapo wafanyakazi ambao kichwa huwasubiri wiki nzima kiwaamkie siku ya mapumziko, na ndugu zao huwacheka kwamba wanaumwa na raha. Hawadeki. Wamelala hadi saa nne, kwa hiyo usingizi umebadilika. Kahawa au chai ya saa moja haikunywewa. Kifungua kinywa kimechelewa. Na msongo wenyewe umeshuka, jambo ambalo kwa wengine ni uchokozi mkubwa kuliko kupanda kwake. Vitu vinne vidogo, hakuna kimoja ambacho mtu angekiita sababu. Tiba yake haipendezi lakini ni rahisi: kuamka karibu na saa ya kila siku, kula kitu, ndipo kurudi kitandani ukitaka.

Mwezi wa Ramadhani hukusanya vichokozi vya namna hiyo hiyo kwa siku 29 au 30, na watafiti wa nchi kadhaa wameona vipindi vya kipandauso vikiongezeka kwa baadhi ya wafungaji. Pwani yetu ina jambo lake: kahawa chungu. Anayekunywa vikombe kadhaa kila siku akiacha ghafla, kichwa cha kukosa kafeini kitampata ndani ya saa 12 hadi 24, amefunga au hakufunga. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni ya Shaabani: kupunguza kahawa kidogo kidogo tangu wiki mbili au tatu kabla. Kisha daku iliwe kwa kuchelewa na isirukwe, maji yagawanywe kutoka futari hadi daku badala ya kumiminwa yote mara moja, na mwenye vipindi vya mara kwa mara amwone daktari mapema, kwani zipo dawa za kunywa wakati wa daku zinazodumu muda mrefu. Aliyezidiwa ni mgonjwa, na ruhusa ya mgonjwa inajulikana.

Nimekuwa nikitumia kitenzi kuepuka kama kwamba kila kichokozi kina njia ya kukikwepa. Hakina. Nani ataepuka hedhi, au joto la kaskazi mwezi wa Februari? Nani Dar es Salaam ataepuka foleni? Kitenzi kinachofaa zaidi ni kujihadhari, kwa kuwa mwenye kujihadhari hupita mahali pale pale ila amejiandaa. Mwanamke anayejua kwamba siku 2 kabla ya hedhi hadi siku ya 3 ndizo zake, hawezi kuzifuta, lakini anaweza kuamua kwamba siku hizo hapigi pasi ndefu wala hakeshi harusini. Dereva wa lori hawezi kuepuka jua. Kofia yenye ukingo na miwani ya jua anaweza kuvipata. Anayeogopa kila kitu naye huingia katika gereza jingine: haendi sherehe kwa ajili ya manukato, haendi msibani kwa ajili ya udi, na hofu yenyewe ni msongo, unaoongoza ile orodha ya Kelman.

Kujua kipi ni chako kunataka maandishi. Neno sanifu ni shajara, ila hakuna ubaya kusema daftari. Yaandikwe ya siku zote, hata zisizo na maumivu, kwani bila siku njema hakuna cha kulinganisha: saa ya kulala na kuamka, milo, maji, kahawa, hedhi, jambo lililokuudhi, na vitangulizi kama miayo na shingo. Baada ya miezi miwili au mitatu mshtakiwa halisi huanza kujionyesha, na mara nyingi si yule uliyemtarajia.

Safu ya mwisho ya daftari iwe ya vidonge. Kichokozi ambacho hakuna anayekishuku kinauzwa dukani kando ya viberiti. Mwenye kipandauso akinywa dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa muda unaozidi miezi mitatu, dawa zenyewe huanza kuzaa maumivu. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vikiwemo vingi vyenye kafeini, na kwa dawa maalumu za kipandauso zinazoitwa triptani, kiwango ni siku 10 tu. Kichwa kinauma, mtu anameza, kinapoa, kinarudi kesho yake, anameza tena. Muuza duka hahesabu. Kiswahili bado hakijaupa ugonjwa huo jina fupi, na wagonjwa wake wengi hujua tu kwamba kipandauso chao, kilichokuwa kikija mara mbili kwa mwezi, sasa kinakuja karibu kila siku. Njia ya kutoka ipo, nayo huanza na kuacha dawa zile kwa usimamizi wa daktari. Wiki za mwanzo ni mbaya, maumivu huzidi kabla ya kupungua. Lakini daktari anaweza pia kuanzisha dawa za kinga, zinazonywewa kila siku, kiwe kimepanda au hakijapanda, na safu ile ya vidonge ndiyo kitu cha kwanza atakachoomba kukiona.